Mtu Aliyenishika Shati

Cheti changu kimetundikwa ukutani juu ya kitanda. Nimekifunika na nailoni kwa sababu ya vumbi. Jina langu limekosewa herufi moja, lakini mengine yote yako sawa: kimeandikwa kwamba natunukiwa kwa ushujaa wa kumtoa mtoto katika nyumba iliyoungua hapa kambini. Kuna muhuri na sahihi mbili. Wageni wakija wanakisoma, wanatikisa kichwa, wanasema, "Kweli wewe ni mwanaume." Jirani yangu mmoja alikiangalia kwa muda mrefu, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri, "Sasa wewe utakwenda Kanada."

Sijaenda Kanada. Nipo hapa hapa, nasubiri mgao kama nyinyi.

Vijana wa jarida letu wameniomba niandike habari za siku ile ya moto. Nimekubali, ila niliwaambia mapema: kilichoandikwa kwenye cheti ni nusu. Nusu ya pili hakuna aliyeipigia makofi, na ndiyo inayoniamsha usiku. Ili niisimulie vizuri lazima nianzie mbali kidogo, Bujumbura, Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Kwa asiyepajua, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura: misikiti, mafundi wa magari wamelala chini ya injini, soko la Ruvumera, na avenyu zilizonyooka ambazo mtoto anazihesabu kabla hajajua kuhesabu vidole. Ila riziki yangu haikuwa Ruvumera. Nilikuwa nauza vitenge katika soko kuu la katikati ya mji. Standi ile nilirithi kwa baba. Nilirithi pia mita yake ya mbao ya kupimia kitambaa, imelainika kwa mikono yake mpaka inang'aa.

Jumapili ile nilikuwa nyumbani nakunywa chai. Kijana mmoja akapita mbio anapiga kelele: "Soko linaungua! Soko linaungua!" Nikadhani ni mzaha. Nikatoka nje, nikaona moshi mweusi umesimama juu ya mji kama mnara. Nikakimbia. Kandambili moja ilibaki njiani, sikurudi kuiokota.

Mliokuwa Buja siku ile mnajua. Soko lile lilikuwa na paa kubwa, na chini yake vibanda vimebanana: nguo, magodoro, plastiki, mafuta, viatu. Vyote hivyo ni chakula cha moto. Magari ya zimamoto yalikuwapo, lakini mbele ya moto ule yalionekana kama mtu anayemwagia mlima maji kwa kikombe. Baadaye Rwanda wakaleta helikopta kusaidia. Watu wengine walikuwa wanaokoa mali yao, wengine wanaokoa mali za wenzao na kwenda nazo kwao. Akina mama walikuwa wamekaa chini barabarani, mikono kichwani.

Mimi nilikuwa na mawazo matatu tu. La kwanza, vitenge: robo tatu nilikuwa nimekopa. La pili, daftari la madeni, maana na mimi kuna watu niliowakopesha, na bila daftari hakuna anayekumbuka. La tatu, mita ya baba. Upande wa standi yangu moto ulikuwa bado haujafika, au mimi ndivyo nilivyoona. Nikainama, nikaingia chini ya moshi.

Sikufika mbali. Mkono ukanikamata shati kwa nyuma, ukanivuta mpaka nikaanguka chali. Alikuwa pompiye mmoja, mwanaume wa makamo, koti limemzidi ukubwa, uso mweusi kwa masizi, macho mekundu. Nikainuka, nikataka kupita tena. Akanishika tena. Nikampiga ngumi ya kifua. Hakunirudishia. Akanisogezea mdomo sikioni kwa sababu ya kelele, akaniambia:

"Ukiingia, itabidi nije kukutafuta. Na mimi nina watoto."

Nilimtukana. Mbele ya watu nilimtukana yeye na mama yake, matusi ambayo hapa siwezi kuyaandika. Nilimwambia kwamba ameniua. Yeye akanisukuma nyuma ya kamba, akaniacha kwa polisi, akageuka kwenda kumshika mtu mwingine. Hilo ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka juu yake: mgongo wake, anakwenda kumshika mtu mwingine.

Paa la upande ule lilianguka. Sijui ni baada ya dakika ngapi. Nilichojua wakati ule ni kwamba mali yangu ilikuwa ndani na mimi nilikuwa nje.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kulipa sehemu ya deni, nikianza upya kwa kutembeza vitenge mkononi Ruvumera. Na ilinichukua zaidi ya mwaka kukubali kwamba mtu niliyemtukana ndiye aliyenipa nafasi ya kulipa hilo deni. Mwaka 2014 nikanunua kreti moja ya Fanta, nikaipeleka kwenye kituo cha zimamoto. Nikaona aibu mlangoni. Nikawaeleza: siku ya moto wa soko nilimtukana mwenzenu mmoja, nimekuja kumwomba radhi, lakini simjui jina wala sura, alikuwa amejaa masizi.

Walicheka sana. Mzee mmoja kati yao akaniambia, "Mwanangu, siku ile tulitukanwa wote. Huyo wako tutampata wapi? Weka Fanta hapo, sisi sote tumekusamehe."

Nikacheka nao. Lakini nilipotoka nikaona kwamba sikupata nilichokifuata. Msamaha wa watu wote si sawa na msamaha wa mtu mmoja.

Mwaka uliofuata, 2015, mambo ya nchi yakaharibika, na sina haja ya kuwasimulia nyinyi. Wengi wetu tulipita njia moja: ufuko wa Kagunga, jua, umati, kipindupindu, halafu ile meli kuukuu MV Liemba ikatuvusha ziwani mpaka Kigoma. Nilifika huku na mfuko mmoja. Ndani yake kulikuwa na nguo na karatasi. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho mfanyabiashara wa soko hakijui: kuna watu ambao mali yao yote ni karatasi.

Sasa nije kwenye moto wa kambini.

Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi, upepo wa mchana. Nyinyi mnazijua nyumba zetu: tofali za udongo, juu nyasi na turubali. Tofali haliungui, lakini paa lile likishika unahesabu dakika tu. Nilikuwa napita na dumu la maji nikasikia mtu anaita moto. Nyumba ni ya mama wa mapacha, mjane, tunamfahamu wote katika blok yetu. Cheche ya jikoni kwa jirani ilirushwa na upepo ikatua kwenye nyasi zake. Mama mwenyewe alikuwa bombani. Pacha mmoja alikuwa nje analia. Nikamuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Akanyoosha kidole mlangoni.

Nataka niseme ukweli juu ya ushujaa huo. Sikufikiri. Nilijimwagia maji ya dumu, nikaingia nimeinama, nikamkuta mtoto amelala kwenye mkeka, nikambeba, nikatoka. Labda ilikuwa muda wa kusema bismillahi mara mbili tatu. Turubali lilikuwa linadondoka matone ya moto, moja likaniunguza bega. Hiyo ndiyo habari ya cheti. Mtu yeyote kati yenu angefanya vile, kwa sababu mtoto akiwa ndani miguu inakwenda yenyewe.

Nusu ya pili ndiyo hii. Mama alifika anakimbia. Akawaona watoto wake wote wawili wapo nje, wazima. Akawagusa vichwa, mmoja, wa pili. Halafu akageuka, akakimbilia mlangoni.

Nikamkamata kiunoni. Akapiga kelele: "Mfuko! Mfuko wangu!" Wote tulielewa ni mfuko gani. Kila nyumba hapa ina mfuko huo: karatasi ya usajili wa familia, kadi ya mgao, barua za ofisi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akasema uko pale tu, umening'inia ukutani, ni hatua nne. Na kweli ulikuwa hatua nne. Mimi nilikuwa nimetoka humo sasa hivi, nilijua chumba kilivyo. Paa lilikuwa bado limesimama. Moyo wangu uliniambia, mwache, atawahi. Au nenda wewe.

Sikumwachia. Akanikwangua uso. Akaniuma mkono, hapa chini ya kidole gumba, na alama ipo mpaka leo. Akanitukana, mimi na mama yangu. Na mimi nikasikia mdomo wangu unasema maneno ambayo sikuyatunga: "Dada, ukiingia itabidi nikufuate. Na mimi nina watoto."

Nikakumbuka koti kubwa na macho mekundu. Miguu ikaniishia nguvu, lakini mikono haikuachia. Paa likaanguka.

Ningependa kuandika kwamba alinishukuru. Hapana. Alikaa chini, akawakumbatia watoto, akaniangalia kama mwizi. Kwa miezi kumi hakunisalimia. Tukikutana kwenye foleni anageuza uso. Wakati huo huo alikuwa anahangaikia karatasi mpya. Anakwenda ofisini, anaambiwa aje Jumatano. Jumatano anaambiwa mhusika hayupo. Anaombwa alete karatasi inayothibitisha kwamba karatasi zake zimeungua. Alikwenda mara sita. Kila safari aliyokwenda mimi niliihesabu, kana kwamba ni mimi niliyekuwa naombwa.

Halafu ikaja tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani. Ngoma, hotuba, mechi ya mpira. Nikaitwa mbele, nikapewa cheti, fulana na tochi. Mtoto niliyemtoa akaletwa tupigwe naye picha. Watu wakapiga makofi, sungusungu wakapiga filimbi. Mama yake alikuwa amesimama mbali, nyuma ya akina mama wote. Yeye hakupiga makofi. Nikasema asante kwenye kipaza sauti, nikashuka haraka.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza habari za watu wengine waliotunukiwa. Nitataja wawili.

Wa kwanza ni Mamoudou Gassama, kijana wa Mali aliyekuwa Ufaransa bila karatasi. Mwezi Mei 2018 mjini Paris alimwona mtoto wa miaka minne ananing'inia nje ya ghorofa. Akapanda kwa mikono, kutoka baraza moja hadi nyingine, mpaka ghorofa ya nne, akamvuta mtoto. Siku mbili baadaye Rais Macron akampokea Ikulu. Akapewa nishani, akaahidiwa uraia, na akapata nafasi katika kikosi cha zimamoto cha Paris. Nilipomsimulia jirani yangu wa Kanada akasema, "Unaona? Nilikwambia." Mimi namfurahia Gassama kwa moyo wote. Lakini nimebaki na swali: alipanda hana karatasi, akashuka anapewa karatasi. Je, wale wasiopata mtoto wa kumwokoa? Mama wa mapacha amelea watoto wawili peke yake, kambini, kwa posho. Hilo nalo ni jengo la ghorofa nne, ila hakuna aliyempiga video.

Wa pili ni Emmanuel Mensah, mzaliwa wa Ghana, askari wa jeshi la akiba huko New York. Tarehe 28 Desemba 2017 jengo lao la Bronx likashika moto. Moto ule ulianzia jikoni, kwa mtoto mdogo aliyechezea jiko, na familia ilipokimbia mlango ukabaki wazi, moto ukapanda kwenye ngazi. Mensah alitoa watu wanne. Akarudi tena ndani. Hakutoka. Alikuwa na miaka 28, na jeshi lilimpa nishani ya ushujaa baada ya kifo chake.

Habari ya Mensah ilinisumbua sana. Kama angekuwapo mtu wa kumshika shati alipotoka mara ya kwanza, huenda wale waliobaki ndani wangekufa na yeye angepona. Sina jibu. Yeye alirudi kwa ajili ya watu; mimi nilitaka kurudi kwa ajili ya vitenge, na mama wa mapacha kwa ajili ya mfuko. Labda hapo ndipo pa kuchora mstari. Nilijiambia hivyo, nikaridhika kidogo.

Halafu yeye mwenyewe akaja kunivuruga.

Ilikuwa jioni, kama wiki moja baada ya sherehe. Alikuja na pacha wote wawili. Alipiga hodi, nikamkaribisha, mke wangu akampa kigoda. Akanyanyua macho akaona cheti ukutani. Alikisoma chote, polepole, mpaka sahihi. Akasema:

"Hapa hawakuandika kwamba nilikuuma."

Mke wangu akaangua kicheko. Mimi nikaonyesha alama. Yeye akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka.

"Kaka," akasema, "karatasi nimezipata. Jana wamenipa. Watu wote wanadhani nililia kwa ajili ya karatasi. Karatasi zinaandikwa tena. Mle mfukoni kulikuwa na picha ya baba yao. Moja tu. Aliuawa kabla hawa hawajajua kutembea. Sasa wakiniuliza alikuwaje, nawaambia, alikuwa mrefu. Nikishasema mrefu, nakosa la kuongeza."

Sikuwa na la kusema. Ule mstari niliouchora, watu upande huu, vitu upande ule, ulifutika pale pale mbele ya kigoda. Kwake yeye, mle ndani mlikuwa na mtu.

Nikamwambia habari za soko, pompiye, matusi, kreti ya Fanta. Nilimwambia yote kama nilivyowaandikia hapa. Alisikiliza. Mwisho akasema, "Mimi najua ulifanya vizuri. Kichwa kinajua. Lakini sijakusamehe bado." Akasimama, akawashika watoto mikono. "Watoto watakuwa wanakusalimia. Mimi nitafuata, taratibu."

Na kweli wananisalimia. Kila asubuhi wakienda shule: "Shikamoo baba!" Wawili kwa pamoja, mpaka blok nzima inasikia. Yeye hunipungia mkono kwa mbali. Hiyo inanitosha. Ni zaidi ya nilichopata kule kituoni, kwa sababu huu ni wake mwenyewe, na anautoa kidogo kidogo kwa bei yake halisi.

Ninayo mambo mawili ya kuomba, kisha niwaache.

La kwanza ni kwetu wakaazi. Mfuko wa karatasi usikae ukutani kwa ndani. Utundike karibu na mlango, mahali mkono unafika bila mguu kuvuka kizingiti. Usiku iweke ndoo ya maji na ndoo ya mchanga pale pale. Jiko la kuni lisikae upande upepo unapotokea. Ukiona moto, toa watu, piga kelele, bomoa nyasi za paa la jirani ili moto ukose daraja. Na ukishatoka, umetoka. Kama kuna mtu anataka kurudi kwa ajili ya kitu, mshike. Atakutukana. Mshike tu.

La pili ni kwenu ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma jarida hili. Mtu ambaye nyumba yake imeungua msimwombe karatasi ya kuthibitisha kwamba hana karatasi. Majivu yapo, majirani wapo, njooni muone. Na mnapokuja na mashine zenu za kupiga picha za usajili, waulizeni watu: je, una picha ya mtu wako unayotaka tuihifadhi? Haitawagharimu kitu. Kwa mtoto fulani itakuwa tofauti kati ya baba na neno "mrefu".

Tarehe 4 Mei kila mwaka ni siku ya zimamoto duniani. Ilianzishwa baada ya wazimamoto watano kufa Australia, Desemba 1998, wakipambana na moto wa msituni. Mimi siku hiyo sina cha kufanya kikubwa. Nanunua Fanta moja hapa sokoni, nakaa mlangoni, nainywa polepole. Pompiye wangu simjui jina. Sijui kama yuko hai, kama yuko Buja au yuko kambi kama hii, labda foleni moja na mimi. Kama anasoma hapa: mzee wangu, nilikuwa yule mwenye kandambili moja. Nisamehe. Na koti lako lilikuwa kubwa, lakini mkono wako ulitosha.